Rufaa bila majibu: Nani anamfuatilia mtoto akitoka zahanati?

*Na Mwandishi Wetu*

Siku ya kliniki katika zahanati ya kijiji, iwe Kilolo au Mufindi mkoani Iringa, mabenchi ya barazani hujaa kabla umande haujakauka. Mzani umening'inizwa kwenye boriti. Mtoto huvalishwa kile kikaptula cha kitambaa chenye mikanda, hutundikwa, hulia, uzito husomwa na nukta hutiwa kwenye kadi.

Nukta ikiangukia kwenye kijani, mama hupewa hongera. Ikiwa kwenye kijivu, huambiwa aongeze uji wa lishe. Ikiwa kwenye nyekundu, huitwa pembeni. Aliyefikisha siku ya chanjo hupata sindano yake, kisha nesi huita anayefuata.

Kwa mtoto mmoja yote hayo ni dakika chache. Nesi anajua sasa kwamba mtoto ana kilo saba na nusu. Kama mtoto huyo anakaa bila kuegemezwa, kama anageuka akiitwa, kama anamfuata mama yake kwa macho, foleni haimpi nesi nafasi ya kuuliza.

Ndiyo maana mama wa mtoto wa miezi tisa ambaye shingo bado inalegea anaweza kurudi nyumbani na nukta ya kijani na moyo mkunjufu. Akipata wasiwasi, bibi wa mtoto yupo wa kumtuliza: hata baba yake alichelewa.

Tarehe mbili zinazopita hivi hivi

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, zikiwamo Ghana na Oman, na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Karibu watoto wote walikuwa wanakaa wenyewe walipofikisha miezi tisa na siku chache. Karibu wote walikuwa wanatembea wenyewe kabla ya kufikisha miezi 18.

Tazama sasa ratiba ya chanjo ya Tanzania. Dozi ya kwanza ya surua na rubela hutolewa miezi tisa, ya pili miezi 18. Yaani siku ile ile ambayo mtoto asiyekaa au asiyetembea anapaswa kutiliwa shaka, mama yake amekwisha kumleta mwenyewe, kwa nauli yake, mbele ya mtumishi wa Serikali mwenye kalamu mkononi.

Maswali mawili yangetosha kuanzia. Mama, huyu anakaa mwenyewe? Mama, huyu ameshaanza kutembea? Hayahitaji mashine wala daktari bingwa.

> Siku ya kumtilia shaka mtoto asiyekaa au asiyetembea ndiyo siku ya chanjo yake ya surua.

Baada ya miezi 18 nafasi hiyo inafungwa. Ukiacha matone ya vitamini A na dawa za minyoo zinazotolewa mara mbili kwa mwaka, hakuna tena sindano ya kumvuta mama kliniki. Wengi huacha kwenda na kadi huwekwa chini ya godoro. Mtu mwingine wa Serikali atakayemtazama mtoto huyo kwa makini ni mwalimu wa darasa la awali, naye atampokea akiwa na miaka mitano.

Katikati hapo ni miaka mitatu na nusu ambayo ubongo wa mtoto unajengeka kwa kasi kuliko utakavyojengeka tena maishani mwake, na hakuna ofisi hata moja iliyopangiwa kumwona.

Uji kwa afisa lishe, mdoli kwa elimu

Si kwamba jambo hili halikufikiriwa. Desemba 2021, jijini Dodoma, Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo watendaji huiita PJT-MMMAM. Ni ya miaka mitano, 2021/22 hadi 2025/26, na inamhusu mtoto wa Tanzania Bara hadi afikishe miaka minane.

Imejengwa juu ya mwongozo wa malezi uliotolewa mwaka 2018 na WHO, UNICEF na Benki ya Dunia, wenye mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Mtoto wa miaka miwili hajui kwamba uji wake uko kwa afisa lishe, mdoli wake uko kwa afisa elimu, kituo anachoachwa mchana kimesajiliwa na ustawi wa jamii, na maji anayokunywa yako wizara nyingine kabisa. Kwake hiyo ni siku moja tu. Serikalini hizo ni kasma tofauti, taarifa tofauti za robo mwaka na magari tofauti, pale magari yanapokuwapo.

Hasara ya utengano huo inaonekana waziwazi katika mikoa yenye chakula. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022, ambao wataalamu huuita TDHS, ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ni nafuu, kwani mwaka 2010 walikuwa asilimia 42. Lakini Iringa ilikuwa na asilimia 57, na Njombe na Rukwa zilikuwa karibu nusu.

Hiyo ndiyo mikoa inayolisha wengine. Mahindi yapo, maharage yapo, viazi vipo, na Njombe ina maziwa ya kuuza. Mtoto anadumaa kwa sababu mama ametoka shambani jioni, uji ulipikwa alfajiri, na aliyemlisha mchana kutwa ni dada yake wa miaka saba. Ukimpelekea mama huyo somo la makundi ya vyakula, utakuwa umemwambia analolijua. Anachokosa ni saa mbili za mchana na mtu wa kumwachia mtoto.

Utafiti huo huo ulipima pia makuzi yenyewe. Kati ya watoto wa miezi 24 hadi 59, asilimia 47 ndio waliokuwa kwenye mwelekeo unaotarajiwa kwa umri wao kiafya, kiujifunzaji na kihisia. Zaidi ya nusu hawakuwa kwenye mwelekeo huo. Katika kipindi ambacho vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kati ya utafiti wa 2015/16 na huu wa 2022, tumefanikiwa sana kuwaweka watoto hai. Kuwakuza ni kazi nyingine, na haijapata mwenyewe.

Bahasha ya kaki

Ukitaka kujua nani hasa anaratibu huduma za mtoto mwenye tatizo, omba kuona bahasha ya mama yake.

Ndani utakuta kadi ya kliniki iliyochakaa kwenye mikunjo. Daftari la shule la kurasa 32 ambalo kila kituo kimeandika kwa mwandiko wake. Karatasi ya rufaa ya zahanati, nyingine ya kituo cha afya, picha ya eksirei, cheti cha kuzaliwa, na barua ya mtendaji wa kijiji ya kuomba msaada, yenye mhuri wa zambarau. Mama ndiye anayejua ipi ilitangulia. Ndiye anayemsimulia kila mtaalamu mpya habari yote tangu leba. Akisahau kitu, kimepotea.

Chukua mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Tiba yake inajulikana vizuri. Ilianzishwa na daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, na hapa nchini inatolewa katika hospitali kadhaa, ikiwamo CCBRT ya Dar es Salaam. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mkono na kufungwa plasta ngumu, ule "muhogo" wa mtaani, kuanzia pajani hadi vidoleni. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino kwa ganzi. Hakuna upasuaji mkubwa.

Kisha inakuja sehemu ngumu. Mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito mmoja, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu wakati wa kulala hadi afikie miaka minne hivi. Tiba hii inapoharibika, mara nyingi huharibikia hapo. Mguu umeshanyooka, majirani wameshapongeza, mtoto analia usiku kucha, na bibi hawezi kuvumilia kuona mjukuu amefungwa. Viatu vinavuliwa "leo tu." Miezi michache baadaye wayo unaanza kurudi ulikotoka.

Hospitali ilifanya kazi yake, na hakuna aliyekosea kitabibu. Kilichokosekana ni mtu wa kupita pale nyumbani wiki ya sita na ya kumi, akaketi na bibi, akaeleza kwa nini. Mtu huyo hahitaji shahada. Anahitaji kuambiwa kwamba mtoto huyo yupo kitongojini kwake.

Kwa mwenye mtindio wa ubongo safari ni ndefu zaidi, kwa sababu haina mwisho wa plasta saba. Mazoezi ya viungo yanapatikana zaidi hospitali za mkoa na za kanda. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya Serikali ni bure kisera. Nauli ya basi haimo kwenye msamaha huo, wala siku ya kibarua iliyopotea, wala chakula cha wale waliobaki nyumbani. Akina mama wengi huenda mara mbili tatu, kisha huacha, na kwenye rejista ya hospitali huandikwa kwamba hawakurudi.

> Akina mama huenda mara mbili tatu, kisha huacha, na rejista huandika kwamba hawakurudi.

Kila ofisi ina hoja

Ukiuliza kwa nini hakuna anayefuatilia, utapata majibu ambayo kila moja lina ukweli wake.

Watu wa afya husema kila programu inayozinduliwa hufika zahanati ikiwa na rejista yake. Nesi mmoja anazalisha, anachanja, anatoa dawa, anahesabu vyandarua na kujaza vitabu. Ukimwongezea maswali ya makuzi, utapata visanduku vyote vimetiwa tiki na hakuna aliyeulizwa. Hofu hiyo haina utani. Ndivyo ilivyotokea kwa mambo mengi mema.

Ustawi wa jamii wana sheria upande wao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mamlaka ya serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake, na afisa ustawi ndiye mkono wa wajibu huo. Lakini maafisa hao ni wachache, wengi wako makao makuu ya halmashauri, na meza zao zimejaa migogoro ya matunzo na mashauri ya ukatili. Mtoto asiyekaa miezi tisa hana kesi. Hapigi kelele, kwa hiyo anasubiri.

Elimu nao husema, na hawakosei, kwamba wao hupokea kilichopikwa na wengine. Mwalimu wa awali mwenye darasa lililofurika hugundua mwezi wa pili kwamba mtoto wa dawati la nyuma hasikii vizuri. Huyo angepaswa kugunduliwa miaka minne nyuma, kabla ya umri wa kujifunza kusema kupita.

Iko hoja nyingine, na ndiyo nzito kuliko zote. Baadhi ya wataalamu wanasema kutafuta watoto wenye matatizo kabla ya kuwa na huduma ni ukatili. Unamwambia mama kwamba mwanawe ana tatizo la ubongo, halafu unamwacha barazani na karatasi ya kwenda mahali asikoweza kufika. Afadhali angebaki na matumaini ya bibi.

Nimeipima hoja hiyo na sikubaliani nayo yote. Ingekuwa sahihi kama msaada wote ungetoka kwa mabingwa. Sehemu kubwa ya anachohitaji mtoto mwenye mtindio wa ubongo katika miaka miwili ya kwanza ni namna ya kumkalisha, namna ya kumlisha asipaliwe, namna ya kumbeba, namna ya kucheza naye. Hayo hufundishika kijijini. Nchini Uganda yamejaribiwa makundi ya wazazi yanayoongozwa na mtaalamu wa afya pamoja na mzazi ambaye naye analea mtoto wa namna hiyo. Mama mwenzio akikuonyesha alivyomlisha wa kwake, husikilizi hotuba. Unaangalia mikono yake.

Lakini hoja hiyo iko sahihi katika jambo moja: rufaa ambayo aliyeitoa hajui kama ilifika ni karatasi tu.

Karatasi hurudi zikiwa na sababu ya kurudi

Wanaosema ofisi zetu haziwezi kuzungumza wasahau kwanza nadharia, watazame mifano iliyopo.

Katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, sehemu ya ruzuku imefungwa na sharti la watoto wadogo kupelekwa kliniki. Fomu za mahudhurio hujazwa kituoni na kurudishwa, maana pesa ya kaya imening'inia hapo. Hakuna aliyehitaji semina ya uratibu.

Vyeti vya kuzaliwa pia. Zamani mzazi alifunga safari hadi makao makuu ya wilaya. Kuanzia Mbeya mwaka 2013, wakala wa usajili, RITA, ilishusha usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano hadi vituo vya tiba na ofisi za kata, ada ikaondolewa, taarifa zikatumwa kwa simu. Meza mbili za wizara mbili zikawa meza moja.

Na lishe. Desemba 2017, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alisimamia mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa, na halmashauri zikatakiwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Mkataba ulisainiwa upya mwaka 2022. Unaweza kubishana kama Sh1,000 inatosha kitu, na kama zote zilizotengwa zilitoka. Lakini tangu hapo mkuu wa mkoa anaulizwa habari za lishe kwa takwimu, mbele ya wenzake, na halmashauri zinazosuasua zinajulikana.

Katika yale mambo matano ya malezi, ni lishe pekee yenye mkataba wa namna hiyo. Mengine manne yana mabango.

Nje ya nchi, Chile ilianza mwaka 2007 kumfuata mtoto tangu kipimo cha kwanza cha ujauzito katika hospitali ya umma, kwa mfumo uitwao Chile Crece Contigo, na mwaka 2009 ikauwekea sheria. Mama akionekana na hatari fulani, taarifa huingia kwenye mfumo ambao manispaa na kituo cha afya wote wanauona, na huonekana pia kama huduma ilitolewa au la.

Marekani kwa sheria ya mwaka 1986 ilianzisha huduma za mapema kwa watoto wa chini ya miaka mitatu wenye ulemavu au waliochelewa. Kila familia hupewa mratibu mmoja, mwenye jina na simu, na tathmini pamoja na kikao cha kwanza cha mpango wa familia lazima vikamilike ndani ya siku 45 tangu rufaa. Hatuna fedha zao. Siku zenyewe lakini tunazo, na kumtaja mtu mmoja hakuhitaji mkopo.

Anayeingia ndani ya nyumba

Januari 2024, Philip Mpango, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, waliopata mafunzo na wanaolipwa posho, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanamume. Kabla yake kila mradi ulikuwa na wahudumu wake wa kujitolea: wa malaria, wa Ukimwi, wa uzazi wa mpango, kila mmoja na fulana ya rangi yake.

Hapa ndipo ninapoona mlango. Mhudumu huyu ndiye pekee katika mnyororo mzima anayeingia ndani, akaona mtoto amelazwa wapi na nani anamlisha. Nesi aulize yale maswali mawili siku ya chanjo. Mhudumu apewe jina la mtoto, amfuate nyumbani ndani ya wiki mbili, na arudishe jibu zahanati. Afisa ustawi wa halmashauri awe ndiye anayejibu kikaoni kwa kila rufaa ambayo haikurudi. Kazi tatu, watu watatu, na hakuna wizara mpya.

Wapo watakaosema mhudumu naye ataelemewa, na hatari hiyo ipo, hasa posho zikichelewa. Lakini hesabu yake ni tofauti na ya nesi. Kitongoji hakina foleni ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Kina mmoja, labda wawili, na majirani wanajua nyumba.

Kinachobaki ni kasma. Mabaraza ya madiwani hujadili bajeti za halmashauri mapema mwaka, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1, na kamati zake hupokea taarifa kila robo. Taarifa hizo huonyesha watoto wangapi wamechanjwa na wangapi wamepimwa uzito. Diwani anaweza kudai iongezwe safu moja: kati ya watoto waliopewa rufaa na zahanati za kata yake robo iliyopita, wangapi walifika, na wangapi zahanati imeletewa majibu yao.